Ubao wa Bi Arisawa

Mitsuyo Hatano namfahamu vizuri. Tunakaa jengo moja, yeye chini mimi juu, na huu mwaka wa kumi na moja tunaazimana chumvi. Si mtu wa mambo ya kuzuka. Alikuwa muuguzi, mtu wa saa na vipimo, na habari za mizimu alikuwa akizicheka hadi anashika mbavu. Kwa hiyo aliponisimulia haya, kipande leo kipande mwezi ujao, kila mara akizima televisheni kwanza, mimi niliyapokea. Wewe ukitaka usiyapokee, shauri yako.

Wodi yao ilikuwa ghorofa ya tatu ya hospitali ndogo huku kwetu milimani. Wagonjwa wake ni wale ambao mwili umewagomea, mashine ndiyo inawapumulia kwa mpira uliochomekwa kwenye tundu la shingoni. Sauti haitoki. Mkono hauinuki. Kilichobaki ni macho, na nyuma ya macho akili timamu kabisa, inayoona kila kitu na kuchoshwa na kila kitu.

Hao husema kwa ubao. Ni kipande cha plastiki angavu kilichoandikwa silabi, ka ki ku ke ko, kama masomo ya darasa la kwanza. Muuguzi anaushika kati ya uso wake na uso wa mgonjwa, anausogeza taratibu mpaka macho yao yakutane kwenye silabi moja. Anaitamka kwa sauti. Mgonjwa akifumba macho, ndiyo. Akitazama juu, hapana. Hivyo hivyo, moja moja, mpaka sentensi itimie. Sentensi fupi inaweza kula dakika tano.

Na kwa sababu inakula dakika tano, wauguzi wana kamchezo kao: kutangulia. Mgonjwa akianza tu, unarukia mwisho. "Mto? Nikugeuze mto?" Wapo wagonjwa wanaopenda, inawapunguzia kazi. Mzee Kiyohara hakupenda hata kidogo. Alikuwa dereva wa treni miaka thelathini na nne, na siku aliyoletwa wodini, mwezi wa sita, neno lake la kwanza kwa Mitsuyo lilikuwa hili: "Usinitangulie. Treni haiondoki kabla ya dakika yake."

"Haya baba, nimekoma," Mitsuyo akamjibu, na mzee akacheka kwa macho. Toka siku hiyo wakaelewana.

Basi ikafika Septemba. Siku ya kawaida, jua la kichovu, harufu ya supu ya miso kutoka jikoni. Ubao wa wodi ulikuwa umepasuka wiki ile, wakaushikiza kwa gundi ya karatasi. Ndipo metroni akaingia na ubao mwingine kwapani, mnene, umeandikwa kwa mkono wino mweusi, na pembe zake zimesuguliwa kwa msasa zisimkwaruze mtu.

"Tumepata zawadi," alisema. "Kutoka kwa Bwana Arisawa, yule muuza tofu ya soya. Ni ule wa marehemu mkewe. Alitaka kuuweka jenezani, wakamkatalia, tanuri la kuchomea maiti halipokei plastiki. Umekaa kwake tangu Machi. Anasema bora ufanye kazi."

Dada Shizue, muuguzi mkongwe wa wodi ile, akakunja uso. "Metroni, kitu kilichokuwa kiende na maiti, kinarudije kwa walio hai?"

"Shizue, na wewe na mambo yako! Plastiki nzuri namna hii, utaninunulia wewe?"

Mitsuyo akajitia kupanga dawa. Dada Shizue alimwona, akamtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Saa sita na dakika ishirini mchana, trei za chakula zikiwa zimeanza kugongana kwenye korido, Mitsuyo aliushika ubao ule mbele ya Mzee Kiyohara kumuuliza kama anataka kugeuzwa. Kitanda chake kilikuwa cha dirishani. Macho ya mzee yakaanza kutembea.

"Na," Mitsuyo akasoma. "Si. Ki. A." Mzee akafumba, akafumbua. "U. Pe. Po."

Nasikia upepo.

Mitsuyo akageuka dirishani. Limefungwa. Akashika mpira wa shingoni, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye mashine. Umekaza kila mahali. Mashine inapuliza mara kumi na mbili kwa dakika, kama ilivyopangwa. Akarudi kumtazama mzee, na mzee hakuwa anamtazama yeye, alikuwa anatazama juu ya bega lake la kushoto.

Sasa nikwambie alichokuwa amekificha, maana bila hicho hutaona kwa nini maneno yale yalimshtua. Kitanda kile kilikuwa cha Bi Arisawa. Tarehe kumi na tisa ya Machi, saa hiyo hiyo ya chakula, Bi Arisawa alimwambia Mitsuyo kwa ubao huo huo: "Nasikia upepo." Akawa anaendelea, macho yanatafuta silabi nyingine. Mitsuyo alikuwa na wagonjwa wanane na mikono miwili. Akamtangulia. "Upepo? Aa, baridi! Nikuletee blanketi?" Bi Arisawa akafumba macho. Mitsuyo akachukua kuwa ni ndiyo. Akamfunika blanketi la kijani mpaka kidevuni, akafunga dirisha, akaondoka haraka kwenda kugawa chakula.

Ule upepo haukuwa wa dirishani. Ulikuwa wa shingoni, mpira umeanza kuchomoka. Ulipochomoka wote, ncha yake ikazibwa na blanketi zito, mashine ikadhani bado inasukuma hewa kwenye mapafu ya mtu. Kengele haikulia. Mitsuyo aliporudi baada ya robo saa, Bi Arisawa alikuwa wa bluu. Akachomeka mpira. Kisha ndipo akapiga kelele, bila kumwambia mtu kuwa ulikuwa umechomoka.

Daktari akaandika kwamba ugonjwa umefikia mwisho wake. Mitsuyo akanyamaza. Na siku ya maziko, mume wa marehemu alipomuuliza kwa unyonge kama mkewe alisema lolote mwishoni, Mitsuyo akamwangalia yule mzee mwenye mikono iliyoparara kwa maji ya tofu, akasema, "Alisema asante kwa yote." Bwana Arisawa akainama mbele yake, muda mrefu. Baadaye akayaandika maneno yale kwa brashi kwenye karatasi, akaiweka nyumbani kwenye kimadhabahu, kando ya picha na kikombe cha wali.

Turudi Septemba. Kesho yake, saa sita na dakika ishirini, Mzee Kiyohara tena: "Nasikia upepo." Keshokutwa vilevile.

Mitsuyo hakuwaza mzimu. Aliwaza binadamu, na binadamu ndiye mbaya zaidi. Kuna mtu anajua. Mzee Kiyohara hakuwapo Machi, kwa hiyo kuna mtu amemfundisha. Nani? Dada Shizue, ambaye kila Mitsuyo akiingia wodini anamkuta kainama sikioni mwa mzee? Akamvizia kwenye chumba cha mashuka.

"Dada Shizue, mzee yule unamnong'oneza nini kila siku?"

"Matokeo ya mieleka ya sumo. Anapenda." Shizue akaacha kukunja shuka. Akashusha sauti. "Kwani wewe unaogopa nimwambie nini?"

"Sijasema naogopa."

"Mm. Mdogo wangu, tangu Machi unakagua mpira wa kila mgonjwa mara tatu tatu. Mimi nina macho." Akachukua rundo lake la mashuka, akatoka.

Tangu hapo Mitsuyo hakulala vizuri. Akimwona Shizue anaongea na metroni, ni yeye anasemwa. Wakicheka, ni yeye. Na Bwana Arisawa naye! Kila tarehe kumi na tisa, siku ya kila mwezi ya kumkumbuka marehemu, alikuja wodini na mfuko wa mapeasi, ingawa bango la kukataza zawadi liko mlangoni. Alikaa kwenye benchi la korido, anamenya, anamtazama Mitsuyo akipita. Na kila mara swali ni lile lile, kwa upole ule ule: "Sista, hebu nikumbushe, mke wangu alisemaje vile?" Na kila mara Mitsuyo anarudia uongo wake. Mtu mzima, mwenye karatasi madhabahuni, anakumbushwa nini?

Mwisho wa Septemba sentensi ikarefuka. "Nasikia upepo shi-ngo-ni."

Neno lile Mitsuyo hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Bi Arisawa hakulifikisha. Mitsuyo ndiye aliyelijua peke yake, kwa kulifikiria usiku na mchana. Macho ya mzee yakaendelea, haraka kuliko kawaida yake. "Yu. Le. Ma. Ma..."

Akaushusha ubao. "Umechoka, mzee wangu. Pumzika."

Mzee akatazama juu. Hapana. Akatazama juu tena, na tena, mpaka weupe wa macho ukabaki peke yake. Mitsuyo akaondoka.

Jioni ile aliuficha ubao nyuma ya magodoro ya akiba. Asubuhi akaukuta umetundikwa kwenye msumari wake, kando ya kitanda cha dirishani. Shizue akaapa hakuugusa. Metroni akaapa. Wafagiaji wakaapa. Mitsuyo alitumia ule uliopasuka, na kwa ule mzee alisema mambo ya kawaida tu: mto, mwasho wa pua, nani kashinda mieleka. Ila akikaribia kitanda saa sita na dakika ishirini, macho ya mzee yalikuwa tayari yamegandia msumarini.

Oktoba kumi na tisa. Mchana kweupe, hita zimewashwa, milima imeanza kuwa myekundu. Mitsuyo anaingia chumbani na nyuma yake anasikia kikohozi cha adabu. Bwana Arisawa, mfuko mkononi.

"Sista, samahani. Nilikuwa naomba leo nione ubao wa mke wangu ukifanya kazi. Mara moja tu."

Angekataaje? Akautungua. Akauinua mbele ya Mzee Kiyohara, na kanuni ya wodi ni hiyo, kila silabi inatamkwa kwa sauti, hata mgeni akiwapo.

"Si," akasoma. Mzee akafumba.

"Ku."

"Se."

"Ma."

Macho ya mzee yakaenda kwenye silabi inayofuata, yakasimama hapo, yakamsubiri. Mitsuyo hakuitamka. Macho yakasogea. Yakasimama. Yakasogea tena, mpaka mwisho.

A. Sa. Nte.

Sikusema asante.

"Anasemaje?" Bwana Arisawa akauliza kutoka mlangoni.

Hapa Mitsuyo ananiambia, na kila mara anafika hapa analia, kwamba angeweza. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alifikiria leseni yake, metroni, na ile karatasi ya brashi. Akasema, "Anasema... hakusema asante leo kwa kazi yetu. Anataka kushukuru. Ndivyo wanavyokuwa."

Aliwatangulia. Tena. Wote wawili, mzee na marehemu.

Bwana Arisawa akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye benchi lake. Mitsuyo akautundika ubao bila kumtazama mzee usoni. Kwenye korido trei zilikuwa zinagongana. Akatoka, akashika toroli la chakula, akasukuma. Chumba cha kwanza. Cha pili.

Kwenye mlango wa chumba cha tatu akasikia upepo.

Mdogo. Wa baridi. Shingoni, mbele, pale kwenye kishimo cha koo. Akainua mkono akapafunika. Ukapita chini ya vidole. Madirisha ya korido yote yamefungwa. Hita inanguruma. Upepo ukaja. Ukakata. Ukaja.

Toroli likabaki katikati ya korido. Alikimbia, na huko hakuna muuguzi anayekimbia.

Kengele hailii. Chumba kimya. Mzee Kiyohara kafunikwa blanketi la kijani mpaka kidevuni.

Mitsuyo hakumfunika blanketi.

Akalivuta. Mpira umechomoka, ncha yake imezama kwenye sufi ya blanketi, mashine inapuliza, inapuliza, haina habari. Midomo ya mzee imeshaanza kugeuka rangi. Akachomeka. Akakaza. Akabonyeza kengele kwa ngumi na safari hii hakuficha kitu, akapiga kelele ya kuita dunia nzima. "Mpira ulichomoka! Mpira! Nimemkuta mpira umechomoka!" Shizue akaingia mbio, metroni nyuma yake. Dakika tatu baadaye uso wa mzee ulirudi kuwa na damu.

Walipotulia, Shizue akaliokota lile blanketi sakafuni. "Nani alimfunika hili? Joto lote hili?" Lilikuwa na lebo ya dobi yenye tarehe, Machi kumi na tisa.

Mitsuyo akachukua ubao uliopasuka. Ule mwingine hakuthubutu. "Mzee wangu," akanong'ona, "nani kakufunika?"

Macho yakatembea polepole, kwa uchovu. Safari hii alisoma kila silabi, hakuruka hata moja. "Yule mama."

"Mama gani?"

"Wa nyuma yako. Ukishika ubao ule, anasimama begani mwako, anautazama kutoka upande wako. Mimi namsomea tu. Maneno si yangu."

"Mbona hukuniambia, baba?"

Macho ya mzee yakatembea tena. Kisha: "Nilianza. Ukasema nimechoka."

Mitsuyo akatoka koridoni. Bwana Arisawa alikuwa palepale, anamenya peasi, ganda limening'inia refu bila kukatika. Pale pale kwenye sakafu, mbele ya wagonjwa na wapishi, Mitsuyo akapiga magoti, akaweka paji la uso chini. Akasema yote. Upepo, blanketi, mpira, robo saa. Na asante ambayo haikusemwa.

Mzee wa watu akaendelea kumenya mpaka peasi likaisha.

"Sista," akasema, "miaka thelathini na nane nimemmenyea yule mwanamke mapeasi. Hajapata kuniambia asante. Alikuwa akisema 'limeiva mno' au 'halijaiva.' Basi. Uliponiambia neno lile siku ya maziko, nilijua palepale unaniongopea. Nisichojua ni unaficha nini."

"Ndiyo maana ukaleta ubao?"

"Jenezani walinikatalia kweli, hilo sikudanganya. Lakini ukiwa nyumbani usiku ulikuwa ukigonga gonga ukutani. Nikasema, mwenye maneno akayamalizie alikoyaachia." Akamwekea kipande cha peasi kiganjani, akafunga vidole vyake juu yake. Hakusema amemsamehe. Aliingia chumbani, akautungua ubao, akaondoka nao.

Mitsuyo alimwandikia metroni kila kitu siku hiyohiyo. Walimsimamisha kazi, wakamhoji, ikatoka hukumu yake. Sasa anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee huko bondeni, na wagonjwa hagusi. Mzee Kiyohara yuko hai mpaka leo na anaendelea kuwakoromea kwa macho wanaomtangulia. Bwana Arisawa aliichana ile karatasi ya brashi, akauweka ubao madhabahuni, na anasema haugongi tena.

Mambo yangekuwa yameishia hapo.

Lakini Mitsuyo huvaa skafu. Majira yote. Mwezi wa nane uliopita, joto la kupika mayai juu ya bati, kanikaribisha mugicha, chai ya shayiri, ya barafu, madirisha yote kayafunga, skafu shingoni. Nikamtania, "Wewe mwanamke, unaficha mabusu ya nani?"

Hakucheka. Akazima televisheni. Akaifungua skafu, akanishika mkono, akaweka vidole vyangu karibu na kishimo cha koo lake, bila kugusa ngozi.

Nikausikia. Mdogo, wa baridi, unatoka mahali pasipo na tundu. Unakuja. Unakata. Unakuja. Kwa kipimo, hauwahi wala hauchelewi.

"Nimeshauhesabu," akaninong'oneza. "Mara kumi na nne kwa dakika."

"Ndiyo nini?"

"Mashine ya Mzee Kiyohara ni kumi na mbili." Akaifunga tena skafu, kwa uangalifu. "Kumi na nne ilikuwa ya Bi Arisawa."